Moduli Zetu Zinakaa Fasi Gani? Python na Daftari ya Wanachama

Maandishi ya mazungumzo tuliyotoa kwenye mkutano wa masekretere wa selile, Kolwezi



Tumeombwa tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi watasema ni kazi ya vijana wa ordinatere, wazee hawana haja nacho: namna ya kuonyesha Python fasi ya kutafutia moduli na skripti zetu. Tunajua, jina lenyewe linachosha kabla ya kuanza. Lakini kitu hiki kinagusa makuta ya kilio, kinagusa dawa ya mgonjwa, kinagusa ripoti inayokwenda kwa wafadhili kila miezi mitatu. Njo maana tunakisema mbele ya wote, hatukukifungia ndani ya biro.

Tutasema polepole. Mwenye hajawahi kushika ordinatere asiogope. Atakayefuata mfano wa mtaa na nyumba ataelewa. Na vijana wenye kazi hiyo mkononi watapata komanda zenyewe, zimeandikwa hapa zilivyo, wazinakili.

Daftari yetu na majina yetu

Sisi ni watu waliorudi, na kila mmoja alirudi kwa njia yake. Kuko walioondolewa Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993, wakapanda treni kwenda Kasai, kisha miaka mingi baadaye wakarudi. Kuko waliokaa Zambia, katika kambi ya Meheba upande wa Solwezi. Kuko waliotoka Angola wakaingilia Dilolo. Kila njia iliandika jina la mtu kwa namna yake.

Mfano: jina Tshibangu. Hapa Kongo serikali inaandika Tsh, kwa desturi ya Kifaransa. Yule yule akifika Zambia, karani anamwandika Chibangu. Na mwenye kufuata maandishi ya Kiluba anaandika Cibangu. Hata kabila la ndugu zetu wa upande wa Dilolo tunaliona limeandikwa Tshokwe, Chokwe na Cokwe. Ongeza na hili: tangu mwaka 1972, wakati wa authenticité, sisi tuna jina, jina la pili, halafu wengi tena tuna jina la ubatizo. Karte moja inaanza na jina la ubatizo, ingine inalimalizia, ingine hailiandiki kabisa. Mtu mmoja, karatasi tatu, majina matatu.

Kwa daftari ya karatasi hilo halikuwa shida kubwa. Sekretere wa selile anamjua mama huyu, anajua nyumba yake, anajua mume wake alichimba Kasulo au alifanya kazi reli. Ordinatere haimjui mtu. Inajua herufi. Kwake yeye Tshibangu na Chibangu ni watu wawili, na kila mmoja amelipa nusu ya michango.

Kwa sababu hiyo vijana wetu waliandika fishie moja ndogo, wakaiita majina.py. Ndani yake hamna jina la mwanachama hata moja; mna kanuni paka. Kanuni inasema: Tsh, Ch na C mwanzoni mwa jina ni kitu kimoja, usijali lipi limetangulia, majina yakifanana hivi na mwaka wa kuzaliwa ukiwa ule ule, usiwaunganishe wewe mwenyewe, ila weka alama, sekretere wa selile atahakikisha. Fishie ya namna hiyo, yenye kanuni ambazo programu zingine zinakuja kuazima, njo tunaita moduli.

Kisha kuko skripti tatu zinazoiazima: michango.py inayohesabu nani amelipa, kilio.py inayoonyesha familia gani ina haki ya msaada wa msiba, na ripoti.py inayotayarisha hesabu ya wafadhili. Kila moja inaanza na mstari huu:

import majina

Maana yake: niletee majina, niazime kanuni zake. Swali letu la leo ni dogo sana. Mstari hausemi majina inakaa fasi gani. Sasa Python inaipata wapi?

Mgeni anayegonga milango

Python ni lugha ya kuandikia programu. Guido van Rossum aliianza Amsterdam, Uholanzi, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. Haiuzwi. Mtu yeyote anaichukua bure, anaisoma, anaitumia, na kwa shirika linaloishi kwa michango hilo si jambo dogo.

Sasa tuangalie tabia yake. Tuseme mgeni ameshuka Kolwezi, anamtafuta Mama Kasongo. Hana namba ya simu. Ana karatasi paka, na kwenye karatasi kumeandikwa nyumba za kupita, kwa mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Anagonga ya kwanza: “Mama Kasongo iko?” Wakisema haiko, anaenda ya pili. Nyumba ya kwanza itakayojibu “njo miye”, anaingia, anakaa, safari imekwisha. Haulizi kama kuko Mama Kasongo mwingine mbele. Hakuna mtu wa kumwambia kwamba huyu siye aliyekuwa anamtafuta.

Python iko vile vile. Karatasi yake inaitwa sys.path. Ni orodha ya madosie, na inapitiwa kutoka juu kwenda chini. Ukitaka kuiona, andika:

python -m site

Itakuonyesha orodha nzima. Kwa kawaida mpangilio ni huu.

Mlango wa kwanza ni dosie ambamo skripti yenyewe inakaa. Tuseme kilio.py iko ndani ya D:\mutuelle\skripti. Basi Python inaanza kugonga hapo. Tuwe waangalifu: ni dosie ya skripti, haiko dosie ambamo wewe umesimama unapoandika komanda. Wengi wanachanganya hapo.

Mlango wa pili ni madosie uliyoandika mwenyewe katika kigezo kinachoitwa PYTHONPATH, kama umekiandika.

Wa tatu ni maktaba ya Python yenyewe, vitu inavyokuja navyo.

Wa nne ni dosie inayoitwa site-packages, ambamo moduli zilizoongezwa zinawekwa.

Kabla ya milango hiyo yote, Python inaangalia kama moduli ile imekwisha kupakiwa katika kazi hii hii, au kama ni moja ya chache zilizojengwa ndani yake. Ikikosa, njo inaanza kutembea. Ikifika mwisho wa karatasi bila jibu, inasema:

ModuleNotFoundError: No module named 'majina'

Vijana wengi wanauogopa ujumbe huo. Sisi tunasema ni ujumbe wa heri. Umesema wazi kwamba kitu hakikupatikana, na kazi imesimama. Hatari kubwa iko pengine: pale Python inapopata, lakini inapata mtu mwingine mwenye jina lile lile. Hapo haisemi kitu. Inafanya kazi, inatoa hesabu, hesabu inapigwa muhuri.

Familia saba

Hili si jambo la kuwaza paka. Tulipoweka mashini mbili za biro kando kando, daftari ile ile, skripti ile ile, mashini moja ilitoa orodha ya familia zenye haki ya msaada wa kilio, na ingine ikatoa orodha iliyopungua familia saba. Kati ya zile saba kulikuwa na mama mmoja ambaye msiba ulikuwa nyumbani kwake wiki ile. Sanduku lilikuwa halijanunuliwa. Mashini ilisema hajalipa miezi mitatu mfululizo. Yeye alikuwa na kitabu chake cha michango mkononi, kimetiwa sahihi kila mwezi.

Komite ilifanya vizuri: iliamini kitabu, mama akasaidiwa siku ile ile. Kisha tukakaa kutafuta sababu.

Familia zote saba zilikuwa za waliorudi toka Zambia. Miezi mingine waliandikwa kwa Ch, mingine kwa Tsh. Kanuni ya kuangalia majina hayo ilikuwemo katika majina.py mpya, na mashini zote mbili zilikuwa nayo ndani ya D:\mutuelle\moduli. Na katika mashini zote mbili PYTHONPATH ilielekeza pale vizuri kabisa. Lakini katika mashini moja kulikuwa na majina.py ya zamani, imekaa kando ya kilio.py, ndani ya dosie ya skripti. Ilikuja na kle USB, pamoja na fishie zingine, wakati daftari ilipobebwa kutoka selile.

Sasa mwenye kufuata mfano wa mgeni amekwisha kuelewa. Mlango wa kwanza ni dosie ya skripti. Python iligonga, majina ya zamani ikajibu “njo miye”, safari ikaisha. Haikufika kamwe mlango wa pili ambako ile mpya ilikuwa inangojea. Kila kitu kilikuwa kimepangwa sawa, isipokuwa nakala moja iliyosahaulika.

Kle USB ni maisha yetu hapa. Tuna mabwawa ya Nzilo na Nseke hapa kwetu juu ya mto Lualaba, na bado umeme unatukatikia. Intaneti inanunuliwa kwa mega. Kwa hiyo daftari inatembea mfukoni, kutoka Musonoi mpaka Manika, kutoka Luilu mpaka Dilala. Hatutasema “msitumie kle”. Tunasema: daftari itembee, moduli isitembee ovyo.

Namna tatu za kuonyesha njia

Kuko namna tatu ambazo zinafaa kwetu. Kila moja ina fasi yake.

Ya kwanza: kuweka moduli kando ya skripti, dosie moja. Haitaki mpango wowote. Kwa skripti moja ndogo inatosha. Lakini ukiwa na skripti tatu katika madosie matatu, utaanza kunakili moduli mara tatu, na siku utakayobadilisha moja utasahau mbili. Ukiwa na nakala mbili za kanuni moja, ujue una kanuni mbili.

Ya pili: PYTHONPATH. Katika Windows yetu ya Kifaransa, andika katika fasi ya kutafutia “variables d'environnement”, fungua “Modifier les variables d'environnement pour votre compte”, kisha “Nouvelle”. Jina: PYTHONPATH. Thamani: D:\mutuelle\moduli. Au kwa komanda:

setx PYTHONPATH "D:\mutuelle\moduli"

Ukiisha, funga dirisha la komanda, fungua ingine, kwa sababu lile la zamani halitajua habari mpya. Mtu asipofanya hivyo atasema “haifanyi kazi”, kumbe anauliza mtu aliyelala wakati wa tangazo. Ukiwa na madosie mawili, Windows inatenganisha kwa nukta-mkato. Linux inatenganisha kwa nukta mbili. Kwa mashini zetu zenye Linux, mstari huu unaingia katika .bashrc:

export PYTHONPATH="$HOME/mutuelle/moduli"

Uzuri wa PYTHONPATH: inafuata kila toleo la Python katika mashini. Ubaya wake ni huo huo: inafuata kila toleo na kila kazi. Mtu akija kufanya kazi ingine katika mashini hiyo, na yeye ana moduli yake inayoitwa majina, atapata ya kwetu. Na kwa kuwa inatangulia maktaba ya Python, ukiweka humo fishie yenye jina la kitu cha maktaba, umeifunika maktaba.

Ya tatu: fishie yenye mwisho wa .pth. Uliza kwanza Python:

python -m site --user-site

Itakuambia dosie yako ya site-packages. Kama haiko, itengeneze. Ndani yake weka fishie ya maandishi, uiite mutuelle.pth, na ndani ya fishie hiyo mstari mmoja paka:

D:\mutuelle\moduli

Basi. Python ikiamka inasoma mstari ule na kuongeza dosie ile katika karatasi yake, baada ya maktaba yake yenyewe. Kwa hiyo haiwezi kuifunika maktaba. Njo namna tunayoipenda kwa mashini za biro. Lakini mjue mambo mawili. Dosie ile ni ya toleo moja la Python: mkitoka 3.11 kwenda 3.12, fishie ile inabaki nyuma, mtaiweka tena. Na mstari unaoanza na neno import ndani ya fishie .pth, Python haiusomi kama njia, inaufanya kama komanda. Kwa hiyo msipokee fishie .pth kutoka kwa mtu msiyemjua.

Kuko watu wanaoandika njia ndani ya skripti yenyewe, kwa sys.path.append. Inafanya kazi, kwa mbio ile moja tu. Shida yake sisi tunaijua: aliandika E:\moduli kwa sababu kle ilikuwa E katika mashini yake, katika mashini ya mwenzake kle ni F. Na njia isiyokuwepo, Python inairuka kimya. Haisemi “nyumba hii imebomolewa”. Inaendelea na mlango unaofuata, na huko inaweza kupata nakala ya zamani. Tena ukiandika njia ya Windows ndani ya skripti, weka herufi r mbele ya alama za kunukuu. Vinginevyo \n katika \nakala itasomwa kama mstari mpya.

Vijana waliosoma watauliza juu ya mazingira ya pekee, venv. Ni kitu kizuri: kila kazi inapata site-packages yake. Mjue tu kwamba ndani ya venv ya kawaida ile site-packages yako ya mtumiaji haisomwi, kwa hiyo mutuelle.pth mnaiweka katika site-packages ya venv yenyewe. PYTHONPATH, yenyewe, inapita mpaka ndani ya venv.

Na skripti je?

Hapa kuna kosa linalorudi kila mara katika mafunzo. Mtu ameweka PYTHONPATH vizuri, kisha anaandika python ripoti.py akiwa dosie ingine, anaambiwa fishie haiko. Juu ya nini? Kwa sababu PYTHONPATH ni ya moduli. Ukiandika jina la fishie, Python inaitafuta pale uliposimama, haitembei milango. Ukitaka itembee, andika hivi, bila .py:

python -m ripoti

Sasa ripoti inatafutwa kwa njia ya sys.path kama moduli yoyote, ikiwa dosie yake imo katika karatasi. Lakini kumbukeni: kwa -m, mlango wa kwanza unabadilika, unakuwa dosie uliposimama.

Mitego midogo

Bloc-notes ya Windows inapenda kuhifadhi majina.py kwa jina majina.py.txt, na Windows inaficha ule mwisho. Unaiona majina.py machoni, Python haiioni. Onyesheni miisho ya majina ya fishie katika mashini zote.

Msiite fishie yenu csv.py, wala calendar.py, wala random.py. Hayo ni majina ya watu wa maktaba. Kijana akiita skripti yake csv.py, kisha akataka kusoma daftari kwa import csv, Python itamletea ile yake mwenyewe.

Majina ya madosie na fishie: herufi ndogo, bila nafasi, bila aksani, bila kistari cha katikati. Badala ya “Données Mutuelle”, andikeni mutuelle. Mtaokoa siku nyingi.

Namna ya kuhakikisha

Mstari mmoja unatosha kumaliza ubishi wote. Baada ya import majina, wekeni:

print(majina.__file__)

Python itasema moduli imetoka nyumba gani, anwani kamili. Mstari huo ukae ndani ya skripti yenyewe. Msiupime pembeni kwa python -c, kwa sababu hapo mlango wa kwanza ni dosie mliposimama, jibu linaweza kuwa tofauti na lile la skripti.

Tangu sasa, kilio.py, michango.py na ripoti.py zinaandika juu ya kila karatasi zinazotoa: anwani ya majina.py iliyotumika, na tarehe ya kanuni iliyoandikwa ndani yake. Sekretere hana haja ya kujua Python. Ataangalia mstari wa juu. Ukisema D:\mutuelle\moduli\majina.py, na tarehe ni ile iliyobandikwa ukutani, anatia sahihi. Ukisema kitu kingine, harudishi familia nyumbani. Anarudisha karatasi biro.

Kwa hiyo kanuni tulizopatana na komite ni nne. Moduli zina nyumba moja katika kila mashini, D:\mutuelle\moduli, hamna ingine. Kle inabeba daftari paka, haibebi fishie zenye .py, moduli mpya inaletwa na mtu mmoja aliyechaguliwa, na siku ile ile nakala za zamani zinatafutwa na kufutwa. Kila orodha inaonyesha anwani ya moduli. Na ya nne, iliyo kubwa kuliko zote: mashini na kitabu cha mwanachama vikipingana, msaada wa kilio haungoji, kitabu chenye sahihi kinaaminiwa, mashini inachunguzwa baadaye.

Neno kwa wafadhili

Ninyi mnaotusaidia mmeuliza mara nyingi kwa nini tunashika kanuni katika fishie moja na majina ya watu katika fishie ingine. Jibu ni kwamba moduli tunaweza kumwonyesha mtu yeyote. Mwanafunzi wa Lubumbashi akitaka kuipima, mkaguzi wenu akitaka kuisoma, tunampa majina.py, na hapati humo jina la mama hata mmoja. Daftari haitoki. Nchi yetu ina kodi ya numeriki tangu 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za watu. Na mashirika ya kusaidiana yana sheria yao ya 8 Februari 2017. Lakini hata kabla ya sheria, watu waliowahi kutafutwa kwa jina lao wanajua vizuri kwa nini orodha ya majina haiachwi mezani.

Tunawaomba vitu vidogo: masaa ya mafunzo kwa masekretere wa selile zilizo mbali, na betri ya kushikilia umeme ukikatika katikati ya kunakili. Programu yenyewe hatuombi makuta yake. Ni ya bure.

Kwa wanachama tunamaliza hivi. Wengi wetu tulirudi tukakuta mtaa umebadilika jina, nyumba ina mtu mwingine, na katika biro ya serikali jina letu liko chini ya anwani ya zamani. Tulizunguka wiki nyingi, na makaratasi yetu yalikuwa sawa. Aliyetutafuta alianza na mlango usio wetu. Sasa tunashika daftari yetu wenyewe. Tuiandikie anwani moja iliyo wazi, ili mwenye haki akitafutwa apatikane.

Jumamosi vijana watapita katika mashini zote za selile na komanda hizi. Masekretere, leteni vitabu vyenu, tulinganishe.